Mama Mkwe Mlangoni, Ozoni Ndani

Gazeti la siku hiyo lilikuwa na habari nzito za kutosha, lakini kijiwe kiliziruka zote kwa heshima na kutua ukurasa wa ndani, chini kabisa, pembeni ya tangazo la magodoro. Aliyetua ni Spika. Huyu ni mwalimu mstaafu, mmiliki wa miwani pekee ya kusomea pale benchini, na kwa cheo hicho ndiye anayeamua nani aseme na nani anyamaze. Tangu ashike madaraka hakuna aliyewahi kumtii.

"Kimya!" akasema, akilikung'uta gazeti kama mtu anayefukuza kuku. "Wageni wakimbia nyumba ya kulala wageni wakiwa na mashuka."

"Wameiba?" akauliza Wakili.

"Wamejifunga."

Wakili ni kinyozi. Sheria hajaisoma hata ya barabarani, ila hawezi kumwona mtu anashambuliwa bila kumtetea, hasa mtu huyo akiwa na makosa. Kando yake alikaa Dobi, mama mwenye chumba cha kufulia nguo mkabala na benchi, mwenye pua ambayo mtaa mzima unaiogopa. Anaweza kunusa shati lako na kukueleza ulikula nini, ulikaa na nani, na kwa nini ulimdanganya mkeo.

Na kwenye ncha ya benchi, mbali na pua hiyo kadiri benchi lilivyoruhusu, alikaa Sofa, fundi wa makochi. Amekumbatia kikombe cha kahawa kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake. Kwa kawaida Sofa ndiye anayeanzisha kelele. Leo alikuwa mpole kuliko kochi lenyewe.

"Endelea, Spika," akasema Dobi. "Walikimbia nini?"

"Meneja wao," akasoma Spika kwa sauti ya mazishi, "aliwasha mashine ya ozoni kwenye ujia ili kuondoa harufu ya sigara, ilhali wageni wamelala vyumbani. Waliamka wakikohoa, vifua vimebana, macho yanawasha. Hakuna aliyeumia vibaya, ingawa meneja naye alishikwa na kikohozi alipoanza kuulizwa maswali."

Sofa alipaliwa na kahawa.

"Pole, mdogo wangu," akasema Dobi bila kumwangalia. "Na wewe ni meneja?"

"Ngoja kwanza," Wakili akadakia. "Ozoni? Si ndiyo ile ya angani waliyosema imetoboka?"

"Hiyo hiyo."

"Sasa imefikaje kwenye nyumba ya wageni?"

"Imeshuka kutafuta fundi wa kuiziba," akasema Dobi.

Benchi likacheka. Spika hakucheka, maana somo alilipenda. "Juu angani ozoni ni mwavuli, inatukinga na jua kali. Chini puani ni msumari. Kitu ni kilekile, shida ni mahali kilipokaa."

"Kama Wakili," akasema Dobi. "Saluni kwake ana faida."

"Mimi namtetea meneja," Wakili akatangaza, akinyanyua kidole. "Alitaka wageni wake walale pazuri. Nia njema si kosa."

"Nia njema ndiyo iliyomfukiza mbu na mwenye chandarua," akajibu Spika. "Gazeti linasema gesi hii inakula harufu, sawa, lakini haina macho ya kuchagua. Inakula moshi wa sigara, inageuka inakula koo. Ndiyo maana inawashwa mahali pasipo mtu, wala paka, wala kuku, wala hata mmea kwenye kopo."

Hapo Sofa akaona afadhali achangie, ili kimya chake kisije kikanuka.

"Mimi nina swali," akasema. "Mfano tu. Tuseme kuna mtu ana nyumba yake. Ndani hamna mtu. Ameiwasha hiyo mashine, amefunga vizuri. Huyo si amepatia?"

Kijiwe kizima kikamgeukia. Pale benchini kila mtu anajua kwamba "mfano tu" haijawahi kuwa mfano. Wakili alipouliza, mfano tu, mtu akimnyoa mteja nusu kichwa mashine ikaungua afanyeje, mteja alikuwa bado ameketi kwenye kiti na shuka shingoni.

"Huyo mfano," akasema Dobi taratibu, "anakaa nyuma ya karakana ya makochi?"

"Dobi, mimi nimeuliza swali la kitaalamu."

"Na mfano huyo, mke wake amekwenda kumchukua mama yake, wanarudi leo jioni?"

Sofa akatazama ndani ya kikombe. Hakukuwa na msaada huko.

"Sema, kaka," Wakili akamshika bega. "Kwa wakili na kwa daktari mtu hafichi."

"Wewe si hata mmoja wao."

"Ndiyo maana nakushauri bila upendeleo."

Basi Sofa akayamwaga. Mkewe alipoondoka, maji ya mtaa yalikuwa yamekatika. Yeye akafungua bomba la jikoni, likakohoa hewa, likanyamaza. Akaliacha hivyohivyo akaenda karakana, ambako alipigilia kochi moja hadi usingizi ukamkuta juu yake. Maji nayo, kwa tabia yake, yakarudi mwenye nyumba akiwa hayupo. Aliporudi nyumbani juzi asubuhi alikuta ndala zake zimekuja kumpokea mlangoni, zinaelea.

"Lo!" akasema Spika.

"Nikayatoa kwa ndoo, nikapiga deki. Chini pakakauka. Lakini harufu, jamani! Sebule inanuka kama soksi ya marehemu. Na mke wangu, kabla hajaondoka, neno lake la mwisho lilikuwa nini? 'Baba watoto, angalia bomba.' Hakusema nakupenda, hakusema kwaheri. Angalia bomba! Sasa mama yake ndiyo mara ya kwanza anakuja kulala kwangu. Mwenyewe siku ya posa alisema, 'Mwanangu anaolewa na fundi, basi sitasikia habari ya kitu kuharibika.' Nitauweka wapi uso huu?"

Hapo hakuna aliyecheka, isipokuwa Dobi, naye alicheka na pua tu.

"Nikaenda kwa yule jamaa anayesafisha magari ya kukodi," Sofa akaendelea. "Ana hiyo mashine. Mteja akitapika ndani ya gari, anaiwasha, gari linanuka kama halijawahi kubeba binadamu. Akaniazima."

"Akakufundisha matumizi?"

"Akanifundisha. Akasema toa watu, ziba kila upenyo..."

"Halafu?"

"Halafu aliendelea kuongea, lakini mimi nilishaelewa."

Spika akavua miwani. Huwa anaivua pale tu anapotaka kumwonea mtu huruma bila kumwona vizuri. "Umeziba vipi, mwanangu?"

Swali hili lilimgusa Sofa penye fahari, akakaa wima kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kifundi! Madirisha yangu unayajua, hayajawahi kufunga tangu nihamie. Nimeyavalisha ngozi bandia kwa nje, ile nzito ya viti vya ofisini. Pembeni sponji, juu yake gundi, juu ya gundi pini, pini moja kwa kila upana wa kidole. Mlango wa mbele vivyo hivyo, wa nyuma vivyo hivyo. Nyumba yangu sasa hivi ni kochi. Haiingii hewa, haitoki."

"Na mashine umeitegea saa ijizime?"

"Kuna sehemu ya saa na kuna sehemu imeandikwa 'mfululizo'. Nikasema, harufu yenyewe ni ya mfululizo."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuja kunywa chai."

"Sofa," akasema Wakili kwa upole, "hii ni kahawa. Chai ilikuwa asubuhi."

Dobi akaweka kikombe chini. "Zulia ulilitoa?"

"Zulia?"

"Zulia la sebuleni, lile nene lenye sponji chini. Ulilitoa juani?"

"Juu limekauka."

"Chini?"

Sofa akatazama nyayo zake. Alikumbuka kwamba alipolikanyaga lilimjibu.

"Yaani umempaka mtu manukato kabla hajaoga," akasema Dobi. "Mdogo wangu, maji yapo chini ya zulia yanafuga ukungu, wewe unapigana na harufu. Ozoni haikaushi hata leso! Kwanza unatoa kilicholowa, unakausha, unasugua, unafungua upepo. Harufu ikibaki kidogo baada ya hapo, ndiyo unaitafutia mashine. Mimi nguo mbichi nikizipulizia marashi nikazikunja, utazivaa?"

"Namtetea!" akasema Wakili. "Mshitakiwa hakujua."

"Mshitakiwa aliambiwa, akaacha kusikiliza kwenye 'ziba'."

"Basi namtetea kwa kosa la masikio."

Simu ya Sofa ikalia. Aliitazama kama inavyotazamwa nge kwenye kiatu. Mkewe. Na kwa sababu spika ya sikioni ilikufa siku nyingi, Sofa huongea kwa sauti kubwa ya nje, hivyo kijiwe kizima kikapokea simu.

"Baba watoto, tumepata gari la rafiki yake kaka, tunakaribia kabisa. Mama kifua kimembana na vumbi la njiani, unajua pumu yake. Tandika kile kitanda cha sebuleni, akifika ajilaze moja kwa moja. Na umsalimie."

"Shikamoo Mama," akasema Sofa, sauti imekwenda juu kama ya mtoto wa kwaya.

"Marahaba, mkwe wangu," ikajibu sauti nzito iliyochoka, ikakohoa, simu ikakatika.

Sofa alihesabu haraka kichwani. Mlango mmoja, mama mkwe mmoja, pumu moja. Hesabu haikukubali kutoka.

"Twende," akasema Dobi, ambaye alikwishasimama.

Wakaondoka wote, Spika na gazeti lake, Wakili na kitana kimechomekwa kwenye nywele, wakakata kona ya karakana na kufika uani. Nyumba ilikuwa kweli imekuwa kochi. Ngozi nyeusi iling'aa madirishani, pini zimepangwa kwa mstari ulionyooka, na kwa dakika hiyo hata Dobi alikiri kazi ilikuwa safi. Penye ufa mmoja juu ya mlango palitoka harufu kali, ya ubaridi, kama ya radi iliyopiga karibu.

Sofa akatoa funguo. "Naingia mara moja naizima. Nitabana pumzi."

"Thubutu!" Dobi akamvuta kola. "Wenzako wamekimbia na mashuka, wewe unakwenda kubana pumzi. Swichi kubwa iko wapi?"

"Hapo ukutani, nje, kwenye kisanduku."

"Basi mashine inakula umeme wapi kama si hapo?"

Sofa akashusha swichi. Ndani, kitu kilichokuwa kinanguruma tangu chai kikanyamaza. Ikawa fedheha kidogo kwamba jambo lilikuwa jepesi kiasi hicho.

Kuzibua hakukuwa kwepesi. Sofa alikuwa amefanya kazi ya kudumu vizazi. Wakili alivuta kona ya ngozi kwa mikono miwili, mguu ukutani, akabaki na uzi. Spika alitoa maelekezo kwa kutumia gazeti. Dobi aling'oa pini kwa mkasi wake wa kukatia vifungo, akilaani kila moja kwa jina lake.

"Ungekuwa unashona makochi ya wateja hivi!" Wakili akapumua.

"Nashona hivi!"

"La kwangu limefumuka."

"La kwako ulilikalia ukiwa na mkasi mfukoni, Wakili, tusianze."

Ngozi ikaachia kwa mlio wa suruali inayopasuka msikitini, dirisha la kwanza likawa wazi. Wakasogea kando ya upepo, kama Dobi alivyoamuru, wakaenda la pili. Mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa nje, ukaegemezwa tofali, kisha wa mbele. Nyumba ikaanza kuvuta pumzi.

"Sasa ni muda gani?" akauliza Sofa.

Spika akapekua gazeti. "Linasema mtu asiingie mpaka ile harufu kali iishe kabisa, nyumba ikiwa wazi. Saa kadhaa. Ozoni yenyewe huvunjika ikarudi kuwa hewa ya kawaida, lakini haifuati ratiba ya mama mkwe. Na mwenye pumu ndiye wa mwisho kuingia."

"Saa kadhaa," akarudia Sofa. Akapiga hatua moja, akakaza shingo, akanusa. Ukungu hakuusikia. Kwa mara ya kwanza tangu mafuriko, sebule yake haikunuka soksi ya mtu yeyote. Wazo likamjia, nalo lilikuja limevaa vizuri: mama akiingia sasa hivi atakuta nyumba haina ukungu, mke hatajua kitu, na bomba litabaki siri kati ya mtu na jiko lake. Atakohoa kidogo, basi. Si anakohoa hata hivyo?

Wazo hilo lilikaa kichwani mwa Sofa kwa muda mfupi wa aibu, na lilikuwa bado halijaondoka gari liliposimama.

Mkewe alishuka kwanza na mabegi. Akatazama madirisha, akatazama ngozi chini, akamtazama Spika ambaye alimpungia gazeti. Kisha akashuka mama, mama mzito wa kimo cha heshima, mkono kifuani, akipumua kwa mluzi mwembamba. Hakusalimia mtu. Alikuwa amebakiza nguvu za kufika kitandani tu, akaelekea mlango uliokuwa wazi kabisa mbele yake.

Sofa alimtazama anavyokuja. Mluzi ule wa kifua ulimfikia kabla ya mama mwenyewe. Akaruka, akasimama mlangoni, akatandaza mikono huku na huku kama golikipa.

Mama akasimama, akamtazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Mkwe wangu," akasema mama. "Unanifungia mlango?"

"Hapana, Mama. Mlango uko wazi. Mimi ndiye niliyeuziba."

"Baba watoto!" mkewe akadondosha begi. "Umerukwa na akili?"

Na hapo kijiwe, kwa mapenzi makubwa na bila kushauriana, kikakimbilia kumwokoa.

"Kuna rangi mbichi!" akasema Wakili.

"Mchwa!" akasema Spika.

"Nyoka," akasema Dobi. Wote kwa pamoja.

Mama mkwe akageuka akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Nyoka amepaka mchwa rangi?"

Wakili alichunguza kitana chake.

Sofa akashusha mikono nusu. "Mama, kuna ozoni."

"Ozoni ndiye nani?" akauliza mkewe, na sauti yake ikashuka chini, mahali pabaya. "Nimeondoka siku chache tu, kuna Ozoni nyumbani kwangu?"

"Ni hewa, mke wangu! Hewa ya mashine! Inafukuza harufu. Mama ana kifua, akiingia sasa itamkaba, na mimi siwezi..." Akashika fremu ya mlango. "Nilifungua bomba maji yakiwa hayapo. Nikaliacha. Yakarudi. Nyumba ikafurika. Zulia limelowa mpaka leo, chini, ukilikanyaga linaongea. Nikataka msijue. Uliniambia angalia bomba, na sikuangalia bomba. Ndiyo hivyo. Mama asiingie."

Alisema yote kwa pumzi moja, na alipomaliza alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia kwenye mguu wake mwenyewe. Mkewe alishika kiuno. Midomo yake ilianza kupanga maneno kwa urefu.

Dobi akawahi kuleta kochi la mteja kutoka karakana, akisaidiana na Wakili, wakaliweka kivulini, upande ule upepo unaotoka ndani haukufika. Mama akaketi, akatoa kidude chake cha kupulizia kinywani, akavuta, akasubiri. Mluzi ukapungua. Watu wote wakasimama wakimtazama kama wanasubiri hukumu, na Sofa mbele yao, mikono nyuma, kama amechelewa mstarini.

"Muache," akamwambia bintiye, ambaye alikuwa tayari amefungua mdomo.

"Mama, zulia lile nilinunua..."

"Nimesema muache. Zulia litatolewa, litaanikwa, yeye ndiye atalisugua, na huyu mama wa mkasi atamsimamia." Dobi akainamisha kichwa kupokea uteuzi. "Lakini mwanaume anayetaja bomba kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mama mkwe, mimi sijapata kumwona. Baba yako alifurisha jikoni mara mbili. Zote mbili aliniambia ilikuwa mvua."

"Kwani haikuwa mvua kweli, Mama? Baba alituambia bati lilivuja."

"Mwanangu," akasema mama, akijinyoosha vizuri kwenye kochi la mteja, "tulikuwa tunakaa ghorofa ya chini. Juu yetu kulikuwa na familia tatu, na wote walishinda wakavu."